Mufwankolo Alipobisha Hodi

Enzi ya Wabelgiji, nyumba ya mfanyakazi Mwafrika wa Elisabethville haikuwa na pazia. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga, ndiyo iliyojenga nyumba, ndiyo iliyopima posho ya unga, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipoona kwamba mchimbaji mwenye familia hatoroki upesi, ndiyo iliyohesabu hata wake na watoto. Masista na mabibi wa Kizungu waliwafundisha wake wa wafanyakazi kushona, kupika na kulea kwa namna iliyokubalika kwao. Mwanamume aliyetaka serikali imtambue kuwa mstaarabu alifikiwa na wakaguzi mpaka chumbani. Cheti cha kwanza cha ustaarabu kilianzishwa mwaka 1948, kingine cha juu zaidi mwaka 1952, na maisha ya nyumbani yalikuwa sehemu ya mtihani: mke anakula wapi, mezani kuna uma au hakuna, jikoni kukoje, watoto wanalala juu ya nini.

Naanza na wakaguzi hao kwa sababu bila wao hatuwezi kuupima uzito wa kazi ya mtu aliyebisha hodi baada yao. Aliitwa Odilon Kyembe Kaswili. Katanga ilimjua kwa jina la mchezoni, Mufwankolo, na kundi lake la waigizaji likachukua jina hilohilo. Lilizaliwa katika mji huohuo, katika ukoloni huohuo, likapata masikio ya watu kwa redio kabla ya kupata macho yao kwa televisheni. Mji ukaitwa Lubumbashi mwaka 1966. Kampuni ikataifishwa mwaka uliofuata, baadaye ikawa Gécamines. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaïre, na Katanga ikageuzwa jina kuwa Shaba. Majina yote hayo yalibadilika juu ya vichwa vya watu, na Mufwankolo akaendelea kuchekesha, kwa Kiswahili kilekile kinachosemwa sokoni, kwenye foleni ya mshahara na mlangoni kwa jirani.

Michezo yake ilikuwa michezo ya nyumbani. Shangazi aliyekuja kusalimia akakaa. Mume ambaye mshahara wake unakwisha baa kabla haujafika mezani. Mahari yanayodaiwa na wajomba wawili wasiosalimiana. Mke aliyeficha pesa, na mume aliyeficha mke wa pili. Mtoto aliyesoma anayemsahihisha baba yake Kifaransa mbele ya wageni. Huo ndio ulimwengu wa maigizo ya Lubumbashi: ukuta wa tofali uliofanana na ukuta wa jirani kwa sababu kampuni moja ilizijenga zote, na ndani ya kila ukuta vituko visivyofanana na vya mtu mwingine yeyote. Kwa nje nyumba zilikuwa na namba. Mchekeshaji ndiye aliyezipa majina.

Jambo linalonivutia zaidi ni namna kundi lilivyofanya kazi, kwa maana hapo ndipo ufundi ulipo. Hawakuandika mchezo. Walikaa, mmoja akaleta jambo, likajadiliwa mpaka kila mtu akalielewa kwa upande wake. Kisha waligawana sehemu: wewe utaingia, utasema hivi na hivi, mimi nitakujibu, fulani atatokea nyuma. Walifanya mazoezi, lakini maneno yenyewe yalibaki mali ya kila mwigizaji mpaka siku ya kurekodi. Ndiyo maana maigizo yao yanasikika kama mazungumzo ya watu halisi: watu wanakatana kauli, wanarudia, wanapotea njiani na kurudi. Mwandishi akiketi mezani hawezi kubuni mkato kama ule wa mama anayekatiza hoja ya mumewe ili amuulize mgeni kama ameshakula.

Bahati nzuri tunajua hayo kwa ushahidi, si kwa kumbukumbu tupu. Mwaka 1981 Walter Schicho wa Vienna na Mbayabo Ndala walichapisha kitabu kuhusu kundi hili, chenye maigizo yaliyonakiliwa neno kwa neno. Miaka mitano baadaye alirudi Lubumbashi mwanaanthropolojia Johannes Fabian, Mjerumani aliyewahi kufundisha chuo kikuu cha hapo miaka ya 1970 na ambaye wakati huo alikuwa Amsterdam. Akiwa mgeni mezani, mazungumzo juu ya firigisi ya kuku yakamletea kauli ambayo hakuwahi kuisikia: mamlaka huliwa mazima. Firigisi haikatwi vipande. Anayestahili huila yote. Fabian alitaka kujua maana yake, akawauliza waigizaji wa Mufwankolo. Wangeweza kumjibu kwa sentensi mbili. Badala yake walisema watamtengenezea mchezo.

Mchezo ule, uliopewa kauli ileile kuwa jina kwa Kifaransa, Le pouvoir se mange entier, uliigizwa mwaka 1986 katika kijiji cha Kawama, nje ya Lubumbashi, na watu wa televisheni wakaurekodi. Fabian alifuata hatua zote, kuanzia mabishano ya kwanza kuhusu maana ya kauli mpaka onyesho la mwisho, na mwaka 1990 akachapisha kitabu, Power and Performance, ambamo maneno ya waigizaji yamewekwa kwa Kiswahili chao cha Shaba kama yalivyotoka midomoni, bila kunyooshwa. Fikiria wakati wenyewe. Mobutu alikuwa na zaidi ya miaka 20 madarakani, chama kilikuwa kimoja, televisheni ilikuwa ya serikali. Katika hali hiyo wachekeshaji wanachukua kauli ya mezani kuhusu kipande cha kuku na kuipeleka kijijini, wanaonyesha kijiji chenye chifu na wazee wake, wanauliza mamlaka ni nini na yakigawanywa hubaki nini. Mimi naona huo ni ushujaa, na uliwezekana kwa sababu watazamaji walikuwa wamezoea kumwona Mufwankolo ndani ya nyumba zao. Aliyekwisha kukuonyesha baba asiyeweza kutawala sufuria yake mwenyewe, hana haja ya kueleza sana anapokuonyesha chifu.

Hapo ndipo tofauti yake na wale wakaguzi inapojitokeza. Mkaguzi aliitafuta kasoro ya nyumba ili aiandike kwenye fomu, na baada ya hapo nyumba ilihukumiwa na mtu asiyelala humo. Mufwankolo aliitafuta kasoro ileile, akaiweka hewani, na waliohukumu walikuwa wenye nyumba wenyewe, wamekaa pamoja, mke akimtazama mume kwa pembe ya jicho. Kiongozi wa familia aliyecheka alikuwa amekiri jambo bila kulazimishwa.

Wapo wengine waliofanya kazi iliyokaribiana na hii. Nairobi ilikuwa na Benson Wanjau, aliyejulikana kote kwa jina la Mzee Ojwang', nguzo ya mfululizo wa Vitimbi katika televisheni ya taifa. Nyumba yake ya mchezoni, akiwa na Mama Kayai aliyeigizwa na Mary Khavere, ilikuwa nyumba ya vurugu isiyokwisha: ujanja mdogo wa asubuhi unageuka aibu kubwa ya jioni, na mke ndiye anayebaki na akili timamu. Wanjau alikuwa Mkikuyu aliyezungumza mchezoni kwa lafudhi ya Kijaluo, na Wajaluo walimpenda. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta akiwa na miaka 78. Miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua, na watu wa kawaida walimchangia fedha za matibabu. Nalitaja hilo kwa uchungu. Mtu aliyeingia katika nyumba nyingi za Kenya kwa miongo mitatu hakupaswa kungoja michango.

Mbali zaidi, Kanada, kulikuwa na Arthur Black, aliyeendesha kipindi cha redio cha vichekesho na mazungumzo, Basic Black, katika shirika la utangazaji la taifa, CBC, kuanzia mwaka 1983 hadi 2002. Alishinda mara tatu medali ya Stephen Leacock, tuzo kubwa ya nchi hiyo kwa kitabu cha ucheshi, na akafariki Februari 2018. Black aliwahi pia kuongoza mfululizo wa televisheni ulioitwa Weird Homes. Humo hapakuwa na maigizo. Alizipitia nyumba za kweli za watu waliokataa kujenga kama jirani, na mwenye nyumba akapewa nafasi ya kueleza kwa nini aliishi alivyoishi. Naamini kipindi kile kilifaa kufanywa na mtu wa redio, maana mtu wa redio amefunzwa kusikiliza. Mwenye nyumba ya ajabu amechoka kutazamwa. Ni mara chache anaulizwa.

Sasa tuje huku kwetu Fizi, mashariki mwa Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika.

Mtu akitaka nyumba zenye vituko aje Fizi. Aanzie Baraka, kwenye ghuba iliyokingwa na rasi ya Ubwari, ashuke mpaka kwa wavuvi, kisha apande barabara ya kwenda Fizi mjini hadi baridi ianze. Nyumba za huku zimejengwa na kubomolewa na historia. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha watu wengi wa Fizi Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, na mwaka huohuo ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Huko tena nyumba ikawa na namba. Kila familia ilikuwa na kadi ya mgawo, kila mdomo ulihesabiwa, na sheria ilikataza kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Wajukuu wa watu waliosikia habari za kambi za Union Minière wakajikuta katika kambi ya aina nyingine, wakipimiwa unga upya.

Kuanzia mwaka 2005 wengi walirudi kwa meli kutoka Kigoma, wakashukia Baraka. Kila aliyerudi alikuja na nyumba kichwani mwake. Wengine walijenga kwa mpangilio waliouzoea kambini, wengine walitafuta msingi wa zamani wa baba yao, wakakuta mwembe umesimama pale palipokuwa chumba cha kulala. Utaona kuta za udongo chini ya bati jipya, turubai la msaada lililogeuzwa dari, mlango wa mbao nzuri ukingoja ukuta unaolingana nao. Kuna nyumba zinazojengwa na dhahabu ya Misisi: mwezi huu tofali, mwezi ujao kimya, kwa sababu shimo halikutoa kitu. Ukiona chumba kimoja kimepigwa rangi na vitatu havina paa, usicheke bado. Uliza kwanza. Utaambiwa habari za maisha ya mtu kwa urefu wake wote.

Ndani ndiko kwenye mchezo hasa. Bibi mzaa baba, ambaye hakuvuka ziwa hata siku moja, anaamuru kwa Kibembe. Mwanawe anajibu kwa Kiswahili cha wachimbaji. Wajukuu waliozaliwa Nyarugusu wanasema Kiswahili cha Kigoma, na kwa kuwa shule za kambini zilifuata mtaala wa Kongo, wanachomeka Kifaransa wanapotaka kushinda. Wote wanakula sinia moja la ugali, sombe na ndakala. Bibi anaona ni utovu wa adabu mjukuu kuanza kula kabla ya babu kunawa. Mjukuu anaeleza kwamba kule kambini chakula kilikuwa cha mpangilio, aliyewahi ndiye aliyekula. Mufwankolo angeketi hapo nusu saa tu angepata michezo ya mwaka mzima.

Wala Wabembe hawahitaji kufundishwa kucheka na mambo ya nyumbani. Lubunga, kile kibanda cha wanaume ambako watu hukaa, hula pamoja, huamua kesi na kupokea wageni, kimekuwa jukwaa kwa vizazi. Chakula kinapotoka katika kila nyumba na kufika lubunga, nyumba imejieleza bila kusema. Sahani iliyochelewa ina habari zake, na chumvi iliyozidi ina zake. Hapo ndipo mtani huchukua nafasi, akamgusa mwenye sahani kwa maneno, na mwenye sahani hukasirika au hucheka, lakini jioni anakwenda nyumbani na kurekebisha jambo. Vita na kambi vilizima lubunga nyingi. Zilizofufuliwa zina wazee wachache, na vijana wengi jioni wako kwenye chumba cha video au wanatazama simu.

Redio za jamii zingeweza kuibeba kazi hiyo, na ninasema hivyo kwa moyo wote. Baraka ina watangazaji wanaojua lugha za hapa, wanaojua nani ni shemeji wa nani. Betri na sola zimeifikisha redio hadi vijiji ambavyo umeme haujavifikia. Bukavu na Goma zinasikika kupitia Radio Okapi, iliyoanza mwezi Februari 2002 na inayotangaza pia kwa Kiswahili. Tunapata habari za mapigano, za kipindupindu, za barabara iliyokatwa na mvua. Tunazihitaji. Lakini mtoto wa Mboko au Lulimba anaweza kukua akisikia jina la kijiji chake redioni siku za msiba tu, na hilo ni jeraha. Watu wanaotajwa kwa vifo pekee hatimaye hujiona hivyo.

Kwa hiyo natamani kipindi kimoja cha kila wiki: mcheshi wa hapa, mwenye masikio mazuri, anapita nyumba kwa nyumba. Wiki moja aigize na wenzake, kwa njia ya Mufwankolo, bila karatasi, wakianza na jambo walilolijadili pamoja. Wiki nyingine aingie nyumba ya kweli, kwa njia ya Arthur Black, amuulize mvuvi kwa nini alikijenga chumba chake kikielekea ziwa na kuipa barabara mgongo, amuulize mama kwa nini ameuacha mlango wa kambini bila kuupaka rangi.

Kuna hatari, na lazima isemwe waziwazi. Mzee Ojwang' aliweza kuvaa lafudhi ya kabila lingine kwa sababu alimvisha mhusika huyo upendo na heshima, na kwa sababu ujanja wake ulimrudia yeye mwenyewe kila mara. Fizi ni ya Wabembe, Wabuyu, Wanyindu, Wafuliiru, Banyamulenge na wengine, na milima yake bado ina watu wenye bunduki. Hapa lafudhi ya mtu inaweza kumtia hatarini kwenye kizuizi cha barabarani. Mcheshi atakayeanza kwa kuiga namna jirani anavyosema atakuwa amewasaidia wenye bunduki, hata kama hakukusudia. Aanze na nyumba yake mwenyewe, amcheke baba yake na mjomba wake. Lafudhi ya jirani aiache mpaka jirani mwenyewe aje studio na kuiigiza.

La pili ni ruhusa. Mkaguzi wa Elisabethville hakuomba ruhusa, wala mhesabu wa kambini hakuomba. Kipindi cha nyumba kisichoomba ruhusa kitakuwa ukaguzi wa tatu. Mwenye nyumba asikilizishwe alichosema kabla hakijaenda hewani, na akisema sehemu fulani iondolewe, iondolewe. Najua watangazaji watalalamika kwamba sehemu tamu ndizo zitakazokatwa. Zikatwe. Mtu atakayeona ameheshimiwa mara ya kwanza ataongeza mwenyewe mara ya pili.

La tatu linahusu kuhifadhi. Tunayasoma leo maneno ya Mufwankolo kwa sababu mtu alikaa akayaandika kutoka kwenye kanda. Fabian na wenzake wa Amsterdam waliendelea na hifadhi yao ya maandishi ya Kiswahili cha Kongo, na mwanafunzi wa Fizi anaweza kuyasoma kwenye intaneti iwapo mtandao umekubali. Tunawashukuru. Hata hivyo si sawa kwamba njia ya kuufikia ucheshi wa Lubumbashi ipitie Vienna na Amsterdam, wakati kinasa sauti leo kimo katika kila simu.

Basi ninyi wa redio za Baraka na Fizi, na ninyi walimu wenye wanafunzi wanaojua kuigiza, msingoje mradi wala mfadhili. Chagueni jioni moja, kaeni na wazee wa lubunga iliyo karibu, mwombe ruhusa, mrekodi. Andikeni tarehe, kijiji, majina ya waliokubali kutajwa na lugha waliyosema. Wekeni nakala moja redioni na nyingine kwa mwenye nyumba.